Folda Isiyo na Mwenyewe

"Sisaini," alisema fundi wa vifurushi.

Ilikuwa mara ya tatu asubuhi ile, na kwa mara ya tatu Mkurugenzi akaisukuma karatasi mbele yake kana kwamba hakusikia. Karatasi yenyewe ilikuwa moja tu, imechapwa vizuri, aya mbili na mstari wa saini. Ilisema kwamba yeye, fundi, alitengeneza kifurushi kibovu cha programu. Kwamba kwa uzembe wake pampu ya dripu katika wodi ya nne ilimpa mgonjwa dawa mara tatu ya kipimo. Na kwamba anabeba lawama yote bila kushurutishwa. Mgonjwa huyo, mwalimu mstaafu, alikuwa hajafungua macho kwa siku ya ishirini na moja.

"Wanasheria wanafika saa sita," Mkurugenzi alisema. "Ukisaini, kampuni itakuwa nyuma yako. Usiposaini, utasimama peke yako mbele ya hakimu. Nakusaidia, mwanangu."

"Wiki tatu hujaitikia salamu yangu. Leo nimekuwa mwanao?"

Kaka yake alimgusa kiwiko. Alikuwa mshonaji, ametoka dukani moja kwa moja, na utepe wa kupimia ulikuwa bado unaning'inia shingoni. Kanuni za kampuni zilimruhusu mtuhumiwa kukaa na ndugu mmoja, na huyu ndiye ndugu aliyepatikana.

"Mdogo wangu, saini," alimnong'oneza. Kunong'ona hakukuwa fani yake. Chumba kizima kilisikia. "Mama hajala tangu juzi. Saini tuondoke, mengine tutayajua tukifika nyumbani."

"Nikisaini, kaka, wataamini kosa lilikuwa kwenye kifurushi changu. Shemeji amekitengeneza upya, amejenga programu upya kwenye mashine ileile, na pampu arobaini ziko kwenye gari pale getini. Gari linangoja karatasi hii tu. Kosa halikuwa kwenye kifurushi. Wodi arobaini, kila moja itapata mgonjwa wake kama mwalimu."

Shemeji, aliyekuwa amekaa mkono wa kulia wa Mkurugenzi, alicheka kidogo puani. Cheo chake kilikuwa Injinia Mkuu, lakini kwa kuwa dada yake alikuwa mke wa Mkurugenzi, ofisi nzima ilimwita Shemeji, kuanzia mapokezi hadi mfagizi. Alilipenda jina hilo. Lilimkumbusha kila mtu anakaa meza gani.

Mwisho wa meza, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba alifunga daftari lake. Alitoka katika ofisi ya usalama wa vifaa vya hospitali. Kabla ya hapo alikagua lifti na mitungi ya mvuke kwa miaka ishirini, na huko ndiko alikopewa jina la Mama Tena, maana hakuna alichoonyeshwa akaridhika nacho mara moja.

"Saa sita bado," Mkaguzi alisema. "Karatasi ikae hapo mezani. Mimi nina maswali."

"Mama, ripoti yetu unayo," Mkurugenzi alisema.

"Ninayo, nimeisoma. Imeandikwa vizuri, na ndiyo maana nina maswali."

Alianza na mtunza mashine, mtu mwembamba aliyeitwa Swichi, ambaye alikuwa amesimama mlangoni kama aliyekuja kuomba ruhusa. Swichi alikuwa na rejista ya mkono. Kila kifurushi kilichoingia kwenye mashine ya kujengea programu alikiandika humo: siku, saa, na muhuri wake, yaani ile namba ndefu ambayo hubadilika mtu akigusa hata herufi moja ndani ya kifurushi.

"Jumatano nilikiondoa kifurushi cha zamani," Swichi alisoma. "Ijumaa nikaweka kipya cha Fundi. Muhuri huu hapa."

"Na kile kilichopo leo kwenye ghala la vifurushi, humo kwenye kompyuta, ambacho ripoti inasema Fundi alikichezea baada ya ajali, muhuri wake ni upi?"

Swichi aliufungua kwenye skrini na kuusoma polepole, herufi kwa herufi, huku Mkaguzi akifuata kwa kidole kwenye rejista.

"Tena," Mkaguzi alisema.

Akausoma tena. Ulikuwa uleule. Mkaguzi alichukua ripoti ya kampuni, akapiga mstari juu ya aya nzima ya pili, na Mkurugenzi akaangalia dirishani kwa kukosa pa kuangalia.

"Basi hakukigusa. Twende mbele. Fundi, nieleze kilichomo, na unieleze mimi na kaka yako kwa pamoja. Asipoelewa yeye, nami sijaelewa."

Fundi alivuta pumzi. Tangu asubuhi alikuwa amejikaza kisabuni. Sasa alipoulizwa kazi yake, uso ulimlegea kidogo.

"Kaka, kabla hujakata kitambaa unabandika karatasi ya vipimo ukutani. Kiuno hiki, bega hili. Sisi karatasi hiyo tunaiita faili la kichwa. Mashine ikijenga programu ya pampu, inalisoma kwanza. Mrija mpya wa dripu, matone ishirini ni mililita moja. Mrija wa zamani, matone sitini. Faili la kichwa ndilo linaloiambia pampu ihesabu mangapi."

"Ukikosea karatasi, unakosea suti," kaka alisema.

"Ndiyo. Sasa karatasi za zamani na mpya ziko kwenye vyumba tofauti, folda tofauti. Mashine haijui namba za vyumba. Inajua jina moja tu, pampu. Kwa hiyo kifurushi changu kinaweka kiungo kwa jina hilo. Kiungo si chumba. Ni kibao cha mshale tu, kinachosema: unayetafuta vipimo vya pampu, nenda chumba cha tatu. Toleo jipya likija, unageuza mshale, basi."

"Nionyeshe," Mkaguzi alisema.

Swichi alileta kompyuta tupu kutoka stoo. Fundi akasakinisha kifurushi chake, na kiungo kikajitokeza kwenye skrini, jina upande mmoja, mshale katikati, chumba cha tatu upande wa pili. Ndani ya chumba, faili la kichwa lilisema ishirini.

"Tena."

Akafuta kila kitu, akarudia. Ishirini.

"Kifurushi ni kizima," Mkaguzi alisema. "Swichi, sasa tuonyeshe mashine ya kujengea. Hiyo yenyewe, si ndugu yake."

Mashine ya kujengea ilikaa chumba cha jirani, na skrini yake ingeweza kuletwa pale kwa waya. Swichi alifungua mahali palepale. Jina pampu lilikuwepo. Mshale haukuwepo. Jina lilikuwa na herufi inayoonyesha folda mbele yake, folda halisi, na ndani yake kulikuwa na faili moja la kichwa. Lilisema sitini.

"Ndiyo hii tuliyoiona sisi," Shemeji alisema. "Hakuna kiungo. Binti alisahau kukiweka. Ndiyo sababu nimetengeneza kifurushi upya."

"Umekitengeneza, ukakisakinisha hapa?"

"Juzi."

"Na kiungo bado hakipo."

Fundi alikuwa ameshasimama.

"Mama, niruhusu nirudie kwenye ile kompyuta tupu. Safari hii kwanza natengeneza folda kwa mkono, kwa jina la pampu, natia faili ndani. Halafu nasakinisha kifurushi changu. Tazama."

Alifanya hivyo. Kisakinishi kilipita mistari yake, kikaandika imekamilika, hakikulalamika hata kidogo. Folda ya mkono ilikuwa palepale. Kiungo hakikuwepo.

"Kisakinishi kikikuta chumba halisi pale kinapotaka kuweka kibao, hakibomoi," Fundi alisema. "Kinaogopa kupoteza vitu vya watu. Kinaacha chumba, kinaendelea na shughuli zake, kinanyamaza kama maji mtungini. Na mashine ya kujengea haiulizi kama hiki ni kibao au chumba. Inaingia, inasoma sitini, inakata."

"Tena," Mkaguzi alisema, lakini kalamu yake ilikuwa tayari inaandika.

Aliporudia na matokeo yakawa yaleyale, kaka yake alivua utepe shingoni na kuuzungusha kidoleni. Hakumwambia tena asaini.

"Kwa hiyo hata wewe," Mkaguzi alimgeukia Shemeji, "ungetengeneza vifurushi mia, folda hiyo ingekaa palepale. Nataka boksi moja kutoka kwenye gari."

"Yamefungwa kwa lakiri," Mkurugenzi alisema.

"Nitaifungua kwa kalamu."

"Mama, kuna utaratibu."

"Upo. Unasema kifaa nisichokiamini kifunguliwe mbele yangu. Wewe ndiye uliyesaini kuupokea utaratibu huo, miaka minne iliyopita, nina nakala yako."

Boksi lililetwa. Pampu ilitoka ikiwa bado na karatasi ya plastiki juu ya kioo. Swichi alitundika chupa ya maji safi kwenye msumari wa kalenda, akapitisha mrija mpya, akaweka chini chombo cha kupimia chenye mistari. Mkaguzi mwenyewe alibonyeza: mililita kumi. Matone yakaanza. Ilikuwa dakika ndefu kwa watu wote, na kwa Mkurugenzi ndefu zaidi. Maji yalipita mstari wa kumi bila haraka. Yakapita wa ishirini. Pampu ilitoa mlio wake mzuri wa kumaliza pale maji yalipofika thelathini, na kiooni ikaandika kumi.

"Tena."

Thelathini. Mkaguzi alitoa simu, akapiga getini, akamwambia dereva wa gari azime injini na ashuke na funguo. Kisha akamtazama Mkurugenzi. "Kama angesaini jana, pampu zote arobaini zingekuwa zimeshatundikwa vitandani."

Mkurugenzi alikaa. Fundi aligeuza uso ukutani na mabega yakamtikisika mara moja. Alilia kwa hasira zaidi kuliko kwa furaha, akajifuta kwa mkono, akageuka.

"Basi ni Swichi," Shemeji alisema upesi. "Yeye ndiye anayeweka na kuondoa. Aliacha mabaki."

Swichi alibadilika rangi. "Mimi Jumatano niliondoa, nikahakikisha. Hapakuwa na kitu. Nimeandika kwenye rejista, patupu."

"Ijumaa ulipoweka kipya, ulitazama?"

"Kisakinishi kilisema imekamilika. Niliandika imekamilika."

"Kwa hiyo mtu aliingia kati ya Jumatano na Ijumaa," Mkaguzi alisema. "Iulizeni mashine, faili hili limeletwa na kifurushi gani?"

Fundi aliandika amri. Mashine ilitaja kila faili lililolizunguka, na kifurushi kilicholileta. Kwa lile la sitini ikajibu kwamba hakuna kifurushi kinacholijua.

"Halina mwenyewe," Fundi alisema. "Limewekwa kwa mkono."

"Lini?"

"Tarehe linayoonyesha ni ya miaka mitano nyuma, lakini hiyo inanakiliwa pamoja na faili. Kuna tarehe nyingine ambayo mashine huiandika yenyewe, mtu hawezi kuichezea kirahisi." Akaiita. "Alhamisi. Saa nne na dakika kumi na nne asubuhi."

"Nani wana nenosiri kuu la mashine hii?"

"Watatu," Swichi alisema. "Fundi, Injinia Mkuu, na mimi."

"Alhamisi nilikuwa likizo," Fundi alisema. "Nilimpeleka mama kliniki ya macho."

"Mtu anaweza kuingia kwenye mashine akiwa nyumbani," Shemeji alisema. "Au kliniki. Mimi, ukiacha juzi, mashine hiyo sijaigusa miaka mitatu, kazi zangu ni za juu. Alhamisi aliyekuwa zamu humo ndani ni Swichi, peke yake."

Mkaguzi alimtazama Swichi kwa muda. Mtu wa zamu, peke yake, mwenye nenosiri, na sasa anatokwa jasho katika chumba chenye kiyoyozi. Kesi nyingi za lifti alizifunga kwa ushahidi mdogo kuliko huo, na mbili kati ya hizo alikuja kuzijutia. Alirudi kwenye skrini na kuanza kuisoma safu kwa safu, kama mtu anayesoma orodha ya mahudhurio.

"Hapa mbele ya kila faili pana jina la mtu," alisema. "Hapa pana namba tupu. Elfu moja na saba. Kwa nini?"

Fundi aliinama, akasogea karibu. Kwa wiki tatu alikuwa ameitazama safu ya tarehe tu, na safu hiyo nyingine aliiruka kila mara.

"Kompyuta haimjui mtu kwa jina, mama. Inamjua kwa namba, jina ni pambo. Faili likihamishwa kutoka kompyuta nyingine zimazima, na anayelihamisha ana nenosiri kuu, linakuja na namba ya mwenyewe wa kule. Hapa hatuna mtu wa namba hiyo. Kwa hiyo namba imebaki uchi."

"Namba zinaanzia wapi?"

"Elfu moja kamili. Huyo ni mtu wa kwanza kusajiliwa kwenye kompyuta. Wa pili elfu moja na moja."

"Basi huyu ni wa nane. Watu wanane kwenye kompyuta moja? Ofisi gani hiyo?"

"Hii," Swichi alisema bila kutaka. "Hapa laptopu hazifi, mama, zinarithiwa. Anayekuja anasajiliwa juu ya aliyemtangulia, na wa zamani hafutwi. Ndivyo ilivyo tangu mwanzo."

Macho yote yakaenda kwenye laptopu ya Swichi mwenyewe. Bawaba yake ilishikwa kwa gundi ya karatasi na vitufe viwili vilikuwa vimeng'oka. Kama kulikuwa na laptopu iliyopita mikono minane pale, ilikuwa hiyo.

"Ndiyo hiyo," Shemeji alisema, na sasa alitabasamu kabisa.

"Kuna amri ya kuuliza namba yako?" Mkaguzi alimwuliza Fundi.

"Ya herufi mbili."

"Watu watatu wenye nenosiri, kila mmoja na laptopu yake hapa mezani. Fundi aanze."

Fundi alinunua yake mwenyewe, mpya, kwa kuwa alichoka kurithi. Elfu moja kamili. Swichi aliandika, akakosea, akarudia. Namba ikatoka, naye akaisoma kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Elfu moja na nne. Mama, na nne. Mimi ni mtu wa tano."

"Nimeiona. Kaa chini, upumue. Injinia Mkuu."

"Yangu ina miezi miwili tangu itoke dukani," Shemeji alisema. "Imepita mikono ya nani? Tusichezeane."

"Vizuri, itakuwa elfu moja kamili. Andika tu."

Aliandika. Kioo chake kilikuwa kizuri, kipana, hakina hata alama ya kidole, na namba ilionekana hadi upande wa pili wa meza. Elfu moja na saba.

"Tena," Mkaguzi alisema kwa upole.

"Haiwezekani. Laptopu ni mpya."

"Tena."

Namba ilikuwa ileile. Mkurugenzi aliinama kuitazama, akamtazama shemeji yake, akarudi kuitazama.

"Ulianza kazi hapa lini?" Mkaguzi aliuliza.

"Miaka kumi na moja. Sioni inahusu nini."

"Ukiwa nani?"

"Karani wa kuingiza takwimu. Kila mtu anaanzia mahali."

"Walikupa laptopu gani?"

Aliyejibu ni Swichi. "Ile ya kijivu. Iliyokuwa skrini yake inaegemezwa na kitabu cha simu. Ilipita kwa watu, usiombe."

"Na kila uliponunuliwa nyingine, ulianza upya?"

"Nani anaanza upya?" Shemeji alisema. "Nina kazi zangu za miaka yote humo. Nanakili diski nzima, naendelea." Alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka, akaivuta laptopu karibu.

"Ndiyo maana kompyuta ni ya miezi miwili na wewe bado ni mtu wa nane," Mkaguzi alisema. "Hebu tufungulie folda ya pampu ya zamani, humo kwako. Tulinganishe mihuri."

Shemeji aliifunga laptopu. Aliifunga taratibu, kwa mikono miwili, kisha akaiwekea viganja juu.

Mkurugenzi ndiye aliyesema, na sauti yake ilikuwa ya nyumbani, si ya ofisini. "Shem, mwambie si wewe."

"Ni mimi. Basi?" Shemeji aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuwa na tabasamu. "Mteja alikuwa ukumbini. Ana mirija ya zamani, anataka kuona toleo la zamani linavyojengwa na kufanya kazi. Huyu Swichi ameliondoa Jumatano bila kuniuliza. Nimwambie mteja arudi wiki ijayo? Nilitoa folda yangu, nikaiweka kwa mkono, dakika mbili. Nilikusudia kuiondoa jioni. Nikasahau. Mwenye kazi nyingi husahau."

"Na wiki tatu hizi, ulipokuwa unasoma kwamba mahali pa kiungo pana folda, hukukumbuka?"

"Sikutazama ndani."

"Hukutazama, au hukutaka kutazama?"

Mkaguzi aliandika kwamba Shemeji hakujibu.

Mkurugenzi alisimama, akatembea hadi dirishani na kurudi. Alipokaa alikuwa amepata njia, na ungemwona usoni kwamba ameipenda.

"Sote ni binadamu," alisema. "Folda imejulikana, itafutwa, pampu zitajengwa upya. Karatasi hii naichana. Tutaandika hitilafu ya mashine. Fundi anarudi kazini kesho, na mshahara wa wiki tatu analipwa. Mwalimu tutamhudumia. Hakuna anayeangamia. Mama, hata wewe kazi yako imekwisha."

"Umeshinda, mdogo wangu," kaka alisema, na safari hii alinong'ona kweli. "Itikia. Mama atakula leo."

Fundi alitazama mikono yake. Kila mtu pale alijua anataka kwenda nyumbani. Alikonda wiki zile hadi saa ya mkononi ilimzunguka.

"Mashine haikuwa na hitilafu," alisema. "Ilifanya ilichoambiwa, kila mara, mbele yenu. Mkiandika mashine, mtafuta folda moja. Mwakani mtu mwingine mwenye haraka atatia chake kwa mkono, kwa sababu hakuna palipoandikwa kwamba mtu alifanya hivyo na mtu mwingine akaumia. Siitikii."

"Jeuri ya bure," Mkurugenzi alisema.

"Na yeye je?" Shemeji aliinuka kidogo kitini, akamnyooshea kidole. "Mnamfanya malaika. Muulizeni. Amejua lini kwamba kisakinishi hakibomoi folda? Leo? Kila fundi wa vifurushi anajua. Kuna ukaguzi unaandikwa ndani ya kifurushi, mistari minne, unatazama kama pana folda pale na unapiga kelele. Kwa nini hakuuandika?"

Lilikuwa swali la haki, na ubaya wake ni kwamba limetoka kwa mtu asiyestahili kuuliza. Mkaguzi alimgeukia Fundi.

"Nilijua," Fundi alisema. Damu ilimpanda usoni hadi masikioni. "Nilijaribu kwenye mashine tupu, ikapita. Nikasema Swichi ameshasafisha, hakuna haja. Ingenichukua robo saa."

"Mdogo wangu, nyamaza," kaka alisema.

"Robo saa, kaka. Mwalimu ana siku ishirini na moja."

Aliivuta ile karatasi, akaigeuza upande mweupe, akaomba kalamu kwa Mkaguzi. Aliandika bila kukata neno, mistari michache, akaweka tarehe na saa, akasaini kwa jina lake kamili. Kaka yake alimtazama kama aliyeibiwa mchana.

"Si ulisema husaini?"

"Nilisema sisaini ya kwao."

Mkaguzi aliichukua na kuisoma kwa sauti, kwa sababu ndivyo maelezo yanavyopokelewa. Ilisema: *Nilijua kisakinishi hakiondoi folda iliyopo. Sikuandika ukaguzi wa kiungo, na nilijaribu kwenye mashine tupu peke yake. Hilo ni langu, nitalijibu popote nitakapoitwa. Mengine yana wenyewe.*

Mkurugenzi alinyoosha mkono aipokee. Fundi akamtangulia. Aliisukuma karatasi hadi mbele ya Shemeji, akaweka kalamu chini ya saini yake, palipobaki nafasi ya kutosha mtu mwingine kuandika lake, akakunja mikono, akakaa kumngoja.